Kwa nini Zuhura ina joto kuliko Zebaki, na kwa nini sayari nyingine ni za gesi?

*"Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha sayansi darasa la sita hapa Ujiji. Kwenye jaribio niliuliza ni sayari ipi yenye joto kali kuliko zote, nikitegemea jibu la Zebaki kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na Jua. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi wa dagaa, aliandika Zuhura. Nikamwekea kosa. Akaniambia baba yake alisikia redioni. Nimeulizia, naona kama mtoto yuko sahihi, lakini sielewi inawezekanaje. Kama umbali kutoka kwenye Jua hauamui, ni nini basi kinachofanya sayari zitofautiane hivi? Kwa nini nyingine ni za mawe na nyingine za gesi? Na hizo za gesi, chombo kinaweza kupita katikati kikatokea upande wa pili? Kamati ya shule ina fedha kidogo, nafikiria kuomba tununue darubini. Ni wazo zuri?"*

Marahaba, mwalimu. Nianze na lisilofaa kusubiri: mtoto yuko sahihi. Mrudishie alama yake, na ukiweza mrudishie mbele ya wenzake, ili darasa zima lijue kwamba jibu linaweza kupingwa kwa hoja na mwalimu akasikiliza. Uso wa Zuhura una joto la nyuzi 464 hivi za Selsiasi, usiku na mchana, kwenye ikweta na kwenye ncha. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Zebaki hufika nyuzi 430 mchana, halafu usiku wake unashuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri.

Wasiwasi wako ni wa watu wengi, maana ndivyo sayari zinavyofundishwa: zinapangwa mstari mmoja kutoka kwenye Jua, mtoto anakariri majina, kisha anajazia mwenyewe kwamba ya kwanza ina moto mkali na ya mwisho ina baridi kali. Umbali una kazi yake kweli. Zebaki iko kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua, Zuhura milioni 108, na kila mita ya mraba ya Zebaki inapokea mwanga zaidi ya mara tatu ya ule unaofika Zuhura. Ila kupokea joto ni jambo moja na kulihifadhi ni jingine. Ukitaka kujua hali ya sayari yoyote, uliza mambo matatu kwa pamoja: iko umbali gani, ina uzito kiasi gani, na imebeba hewa gani. Ukijibu moja tu utakosea, na utakosea vibaya.

Tuanze na Zebaki. Ni ndogo, upana wake ni kilomita 4,879. Nguvu yake ya uvutano ni dhaifu, na inachomwa na Jua kwa karibu. Chembe za hewa hukimbia kwa kasi zaidi kadiri zinavyopata joto, na zikizidi kasi fulani zinaiponyoka sayari zisirudi. Kwa Zebaki kasi hiyo ni kilomita 4.3 kwa sekunde. Kwa Dunia ni 11.2. Kwa hiyo Zebaki haikuweza kushika hewa ya maana. Jua likichwea huko, joto la ardhi linapanda moja kwa moja hadi angani bila kizuizi, na usiku wenyewe ni mrefu mno: kutoka macheo hadi macheo yanayofuata ni siku 176 za kwetu. Ndiyo maana sayari iliyo jirani na Jua ina usiku wa baridi kuliko mahali popote duniani. Hata barafu imo, ndani ya mashimo ya ncha zake ambamo mwanga wa Jua haufiki kamwe. Chombo cha Marekani, MESSENGER, kilichoizunguka kuanzia 2011 hadi 2015, kilithibitisha jambo hilo.

Zuhura ni habari nyingine kabisa. Kwa ukubwa ni karibu sawa na Dunia, upana kilomita 12,104, hivyo ina uvutano wa kutosha kushika hewa nzito. Na kweli imeishika. Zaidi ya asilimia 96 ya hewa yake ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na mgandamizo wake chini ni karibu mara 92 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta hapa. Wewe uko mahali pazuri pa kuwaeleza watoto jambo hili. Waambie kwamba mtu akizama katika Ziwa Tanganyika mita zaidi ya 900 kwenda chini, maji yatamkandamiza kwa nguvu hiyo hiyo. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 pale lilipo na kina kirefu kabisa, kwa hiyo nafasi ya kuzama hivyo ipo. Vyombo vilivyopelekwa Zuhura vilijengwa kwa kufikiria kina cha namna hiyo, tena chenye moto. Venera 13 ya Wasovieti ilitua tarehe 1 Machi 1982 na kudumu dakika 127. Hicho kilikuwa chombo kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuvumilia.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo niende taratibu. Mwanga wa Jua ukifika ardhini huipasha joto. Ardhi iliyopashwa nayo hutoa mionzi yake ya joto, ile ambayo macho hayaioni lakini ngozi inaihisi ukisimama karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Hewa ya ukaa inaupitisha mwanga wa Jua bila shida, lakini hiyo mionzi ya joto inaimeza na kuitoa tena kila upande, sehemu yake ikirudi chini. Pale hewa ilipo nyingi, joto humezwa na kutolewa mara nyingi mno kabla ya kufika tabaka za juu na kutoka. Sayari haiwezi kupokea bila kutoa milele, kwa hiyo ardhi inazidi kupata moto mpaka kiasi kinachotoka huko juu kilingane na kinachoingia. Kwa Zuhura, ulinganifu huo unapatikana ardhi ikiwa na nyuzi 464.

Kuna jambo linalowashangaza hata watu wazima. Mawingu ya Zuhura, ambayo ni ya asidi ya salfuriki, yanarudisha angani karibu robo tatu ya mwanga wote unaoyapiga. Ndiyo maana inang'aa kuliko nyota zote. Matokeo yake ni kwamba Zuhura inabaki na nishati ya Jua kidogo kuliko inayobaki Dunia, ingawa iko karibu zaidi na Jua kuliko sisi. Joto lake lote hilo linatokana na kushindwa kulitoa. Mwanafunzi akilielewa hili, hatasahau tena.

Kazi hiyo hiyo inafanyika juu ya vichwa vyetu, kwa kiasi. Dunia isingekuwa na hewa inayozuia joto, wastani wake ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa sababu ya hewa hiyo, wastani ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Na hatuna kaboni haba kuliko Zuhura; kiasi kinakaribiana. Tofauti ni kwamba ya kwetu, kwa msaada wa maji ya bahari, imefungwa ndani ya mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Tanga kutengenezea saruji. Zuhura haina bahari, kwa hiyo kaboni yake imebaki hewani.

Mtoto mwerevu atakuuliza: Mirihi je? Hewa yake nayo ni ya ukaa, asilimia 95, mbona wastani wake ni nyuzi 60 na kitu chini ya sifuri? Mjibu kwamba ni kwa sababu ya uchache. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia moja ya ule wa Dunia. Uzito wa Mirihi ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa Dunia. Kiini chake kilipoa mapema, usumaku uliokuwa ukiikinga ukafifia, na upepo wa chembe kutoka kwenye Jua umekuwa ukiichukua hewa yake kidogo kidogo kwa mabilioni ya miaka. Chombo MAVEN, kilichofika huko 2014, kimepima upotevu huo ukiendelea. Mabonde yaliyochongwa na maji yanaonyesha kwamba zamani mito ilitiririka. Angalia pia kwamba mtu akisimama Mirihi na akisimama Zebaki uzito wa mwili wake utakuwa karibu sawa kabisa, lakini Mirihi, kwa kuwa iko mbali na ina baridi, imebakiza hewa kidogo ilhali Zebaki haikubakiza. Kwa hiyo umbali na uzito vinafanya kazi pamoja.

Sasa mawe na gesi. Jua na sayari zake zilitokana na wingu moja la gesi na vumbi, miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Sehemu kubwa sana ya wingu hilo ilikuwa haidrojeni na heliamu. Vumbi la mawe na chuma lilikuwa kidogo. Karibu na Jua changa palikuwa na joto, maji hayakuweza kuganda, kwa hiyo kitu kigumu cha kujengea sayari kilikuwa mawe na vyuma tu. Ndiyo sababu sayari nne za ndani ni ndogo na ngumu. Mbali zaidi, katika eneo ambalo leo ni kati ya Mirihi na Mshtarii, kulikuwa na mpaka ambao ukiuvuka, maji yanaganda kuwa barafu. Kule nje barafu iliongezeka juu ya mawe, vifaa vya ujenzi vikawa vingi, na vitonge vikakua haraka hadi kufikia uzito wa mara kumi hivi ya Dunia. Chenye uzito huo kinaanza kuvuta hata haidrojeni na heliamu, gesi nyepesi ambazo Dunia haiwezi kuzishika. Mshtarii ilizoa nyingi kuliko zote na leo ina uzito wa Dunia 318. Zohali ina uzito wa Dunia 95. Uranusi na Neptuni zilichelewa kukua. Gesi ya wingu ilipotawanyika zilikuwa zimepata kidogo tu. Kwa hiyo usiziweke kapu moja na Mshtarii. Sehemu kubwa ya miili yao ni maji, amonia na methani, vilivyobanwa na kupashwa moto kwa namna ambayo hapa Dunia hatuijui katika maisha ya kila siku.

Chombo kupita katikati na kutokea upande wa pili? Hapana, hakiwezi. Neno gesi linadanganya kidogo, kwa sababu mtu anafikiria moshi. Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga, hilo ni kweli, lakini kadiri unavyoshuka gesi inazidi kubanwa, inakuwa nzito, inakuwa kimiminika, na chini kabisa haidrojeni inabanwa mpaka inapitisha umeme kama chuma. Tarehe 7 Desemba 1995 chombo kidogo kilichoachiliwa na chombo kikubwa cha Marekani kiitwacho Galileo kiliingia katika hewa ya Mshtarii. Kilituma taarifa kwa takriban saa moja tu, kisha mgandamizo na joto vikakimaliza kikiwa bado juu juu.

Zohali nitaipita kwa haraka, si kwa kuidharau. Pete zake ni vipande vya barafu, vingine kama punje na vingine kama nyumba, vikiizunguka kwa upana wa kilomita kama 280,000, lakini unene wa pete kuu ni wa makumi ya mita tu. Sayari zote nne kubwa zina pete. Za Zohali ndizo zinazoonekana vizuri.

Ningependa utenge muda kwa Uranusi na Neptuni, kwa sababu zinarudia funzo lile lile la Zebaki na Zuhura upande wa pili. Neptuni iko mbali zaidi, kilomita bilioni 4.5 kutoka kwenye Jua, na Uranusi iko bilioni 2.9. Kwa kanuni ya umbali peke yake, Neptuni ndiyo ingekuwa na hewa ya baridi kuliko zote. Lakini kiwango cha chini kabisa kilichopimwa katika hewa ya sayari ni cha Uranusi, nyuzi 224 chini ya sifuri, chombo cha Marekani, Voyager 2, kilipopita karibu nayo Januari 1986. Neptuni inatoa angani, kwa jumla, joto zaidi ya mara mbili ya lile inalopata kwa Jua, na hilo la ziada linatoka ndani yake. Uranusi inatoa la ndani kidogo mno. Dhana inayotajwa sana ni kwamba iligongwa na kitu kikubwa zamani, ikapoteza joto lake na kuangushwa ubavu. Kulala ubavu inalala kweli: mhimili wake umeinama nyuzi 98, kwa hiyo kila ncha inakaa miaka 42 na mwanga na 42 bila mwanga.

Kwa kufundishia, achana na bango la dukani kwa siku moja. Chora ubaoni Dunia yenye upana wa sentimita 1. Zebaki itakuwa milimita 4, Mirihi milimita 5, Zuhura karibu sawa na Dunia. Uranusi na Neptuni zitakuwa sentimita 4 kila moja, Zohali 9, Mshtarii 11. Kisha waulize Jua litakuwa na upana gani. Litakuwa sentimita 109, huenda likamaliza ubao wako. Ukikuta kitabu cha zamani kinachosema sayari ni tisa, waeleze kwamba Pluto iliwekwa kundi la sayari kibete mwaka 2006.

Kuhusu darubini, nakusihi msikimbilie. Macho matupu yanaona sayari tano, na Ujiji mna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: karibu na ikweta njia ya sayari husimama karibu wima juu ya upeo, kwa hiyo Zebaki, inayowasumbua wengi kuiona, hapo mnaweza kuipata ikiwa juu kidogo ya milima ya Kongo baada ya Jua kuzama, pale inapokuwa upande wa jioni. Zuhura ni rahisi zaidi. Katika majira yake inaweza kubaki angani muda wa saa tatu baada ya machweo. Watoto wasiichanganye na taa za wavuvi zilizo chini ziwani. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo yenye mawingu machache, ingawa moshi wa mbuga zinazochomwa hufifisha upeo.

Fedha zikiwa kidogo, nunueni kwanza darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Ukiiegemeza mahali imara utaiona miezi minne ya Mshtarii aliyoiona mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei, Januari 1610, na ukirudi kesho yake utaikuta imehama. Haitakuonyesha pete za Zohali. Hizo zinahitaji darubini ya kukuza mara 30 au zaidi. Mkifika huko, msidanganywe na boksi lililoandikwa kukuza mara mia kadhaa. Angalieni upana wa lenzi, milimita 70 kwenda juu, na uimara wa miguu, maana darubini inayotikisika haionyeshi kitu. Unyevu wa ziwani huotesha kuvu kwenye lenzi, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja wa kuitunza mahali pakavu. Asipokuwepo, mimi singeinunua. Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari iliyo karibu, mwombe aijaribu pamoja nawe usiku. Picha za tangazo hazitoshi kuamulia.

Na hili ulisimamie kwa ukali. Zebaki na Zuhura hazitoki mbali na Jua, na mtoto mwenye shauku atataka kuzitafuta kabla halijazama. Usitoe darubini yoyote nje ya boksi mpaka Jua lote liwe limepotea nyuma ya milima. Kuliangalia Jua kwa lenzi, hata kwa nukta moja, kunaunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na kwa kuwa hapo hapana maumivu, mtoto hatalia. Akilalamika baadaye kwamba anaona doa katikati ya anachokitazama, au maandishi yamepinda, usimpe dawa ya matone ya dukani na usisubiri kesho kutwa. Mpelekeni siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, aonwe na mtaalamu wa macho, na mwelezeni wazi kwamba aliangalia Jua.